Msimeze Flagyl kwa kuogopa kansa ya utumbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili maana linanikera na kunitisha kwa pamoja. Kwenye magrupu ya WhatsApp kuna ujumbe unazunguka kwamba kansa ya utumbo mpana inaletwa na bakteria, basi watu wanashauriana wanunue Flagyl, ile dawa ya kuua bakteria, wameze wasafishe tumbo, na duka la dawa linakuuzia bila hata kukuuliza unaumwa nini.

Ujumbe una ukweli ndani yake, na ndio maana ni wa hatari. Bakteria mwenyewe anaitwa Fusobacterium nucleatum na kwa kawaida anakaa mdomoni, kwenye fizi na ule utando wa meno. Mwishoni mwa 2011 timu mbili za watafiti, moja ya Canada na moja ya Boston, zilitangaza kwamba zimemkuta kwa wingi ndani ya uvimbe wa kansa ya utumbo kuliko kwenye nyama isiyo na kansa ya pembeni ya mgonjwa huyo huyo. Swali likabaki, je yupo tu pale kwa sababu kapata pa kukaa, au kuna kazi anafanya?

Majaribio ya maabara yanaonyesha anafanya. Juu ya mwili wake ana protini inaitwa Fap2, hiyo inanasa sukari fulani ambayo seli za kansa ya utumbo zinakuwa nayo nyingi, akishanasa anaingia ndani na seli inaanza kumwaga kemikali kama IL-8 na CXCL1 ambazo zinazifanya seli za kansa zianze kuhama, na kuhama ndio mwanzo wa kusambaa. Fap2 hiyo hiyo inawafunga breki askari wa kinga ya mwili waliotakiwa kuziua. Halafu 2017 mtafiti Susan Bullman na wenzake walichunguza wagonjwa ambao kansa ilishafika kwenye ini, wakakuta bakteria wa kwenye utumbo na wa kwenye ini wanafanana mno, yaani inaonekana anasafiri pamoja na seli zenyewe. Mimi nilivyosoma hilo sikulala vizuri.

Sasa hapo kwenye utafiti wa 2017 ndipo Flagyl ilipotokea. Walichukua panya waliopandikizwa uvimbe wa binadamu wenye bakteria hao tayari, wakawapa metronidazoli, dawa ile ile ya kwenye Flagyl, uvimbe ukapunguza kasi ya kukua. Ulipunguza kasi jamani, haukuisha. Na ni panya wenye uvimbe, sio wewe uliyekula ugali wako vizuri ukaogopa ujumbe wa simu. Dawa hiyo haichagui, inaua pia bakteria wazuri wanaochachua nyuzinyuzi za chakula na kutengeneza butireti, ambayo ndio chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo, na ukiimeza hovyo unawafundisha vimelea usugu. Tena watu wengi tu wana fusobakteria mdomoni na hawapati kansa. Mwaka 2024 ilionekana kwamba ni tawi moja tu la ukoo huo linalojazana kwenye uvimbe, na lilikutwa kwenye karibu nusu ya uvimbe uliopimwa, kwa hiyo kuna kansa nyingi ambazo yeye hayumo kabisa.

Anayetaka kuwatunza bakteria wake aanze na sahani. Mwaka 2015 walichapisha utafiti ambao Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipokula vya kijijini vyenye nyuzinyuzi nyingi, butireti ikapanda na dalili za uvimbe-joto kwenye utumbo (kuwaka na kuvimba kwa ukuta wake, sio uvimbe wa kansa) zikashuka, wa Afrika Kusini waliolishwa nyama na mafuta mengi mambo yakaenda kinyume. Wiki mbili! Na sisi huku maharage, mchicha na dona tunaviita chakula cha shida.

Kingine, na hiki kinaniuma, ni damu kwenye choo. Mama yangu mdogo alitibiwa bawasiri muda mrefu, hospitali hii na ile, anapewa vidonge na dawa ya kupaka, hakuna aliyemwambia apige kipimo, alipokuja kuingizwa kamera kansa ilikuwa imeshagusa ini. Ukiona damu, au choo kimebadilika wiki kadhaa, au unapungua bila sababu, usiende duka la dawa, nenda kwa daktari umwambie wazi bila aibu, na kama anasema ni bawasiri bila kukupima mwombe akupime.

Mhariri, nawaomba mtume mwandishi awahoji madaktari wa hospitali za Muhimbili na Ocean Road, watuambie kipimo hicho cha kamera kinapatikana hospitali zipi mikoani, bei yake ngapi na bima inalipa kiasi gani, muandike ukurasa mzima.

Msomaji wenu,
Morogoro