Barua kwa mwanangu: kutembea kutoka Shela hadi Kipungani

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nimepata habari kwamba wewe na wenzako wanne mnakuja Lamu, na mnataka kuutembea ufuo wote, kuanzia kijiji cha Shela mpaka kijiji cha Kipungani. Karibuni sana. Ila tarehe mliyonitajia mmeipanga kwa likizo za ofisini. Ipangeni upya kwa mwezi wa angani.

Ufuo ule una urefu wa kilomita 12 hivi. Maji yakipwa huacha mchanga mbichi, mgumu, na mtu huenda kilomita 4 au 5 kwa saa bila kujikamua. Maji yakijaa hukusukuma juu kwenye mchanga mkavu, mguu ukazama hadi kifundoni, na mwendo ukashuka hadi kilomita mbili na nusu. Safari ya saa tatu inageuka ya saa tano, na hizo mbili za ziada ni za jua la utosi. Njia nzima hakuna mti wa kivuli, duka wala kisima. Maji matamu yapo, lakini yako chini ya vile vilima vya mchanga, ndiyo yanayolisha visima vya mjini. Msafiri hawezi kuyafikia.

Kwa hiyo tafuteni bamvua: siku ya 2 hadi ya 4 ya mwezi wa angani, au ya 15 hadi ya 17. Siku hizo maji hupwa sana, tena hupwa asubuhi, kati ya saa nne na saa sita. Kila siku huchelewa kama dakika 50, basi siku za mwanzo ni bora kuliko za mwisho. Siku za maji mafu, karibu na siku ya 8 na ya 22 ya mwezi huo, kupwa huangukia alasiri na maji hayaendi mbali; mtabaki na ukanda mwembamba wa mchanga mgumu. Hakikisheni kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kwani la Lamu halipishani nalo sana.

Tuseme maji yanapwa kabisa saa nne na nusu. Kutoka mjini hadi Shela kwa miguu ni kilomita 3, dakika 45 kufuata ukingo wa bahari. Ni matembezi mazuri, ila siku ile chukueni boti, mbaki na miguu. Saa mbili kasorobo muwe mmeanza kutembea. Mkipumzika dakika kumi kila saa, saa tano na nusu mko Kipungani.

Hapa ndipo wengi hukosea: humwagiza nahodha aje saa sita. Saa sita boti haina maji ya kutosha. Mkono wa bahari ulio kati ya kisiwa na bara ni wa tope na mikoko, na chombo kikipwelewa mule mnasubiri tu. Mwambieni aje saa nane, maji yakiwa yameshaanza kupanda vizuri. Muda huo kaeni kijijini, nunueni madafu, tazameni mikeka inavyosukwa. Kupwelewa si jambo geni: watu wa kisiwa cha Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, walipokuja kuipiga Lamu pale Shela, karibu mwaka 1812, wazee husimulia kwamba walipogeuka kukimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani. Nahodha alipwe nusu kabla na nusu mkifika mjini. Mkilipa yote asubuhi, anaweza kupata abiria wengine akawasahau.

Upepo nao una neno lake. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, unawasukuma mgongoni, na ndio wakati ninaoupenda kwa safari hii. Wakati wa kusi unawapiga usoni pamoja na mchanga, na bahari inachafuka. Mkilazimika kuja msimu huo, geuzeni: boti iwapeleke Kipungani alfajiri, maji yangali mengi, kisha mrudi Shela kwa miguu.

Maji ya kunywa ni lita 3 kwa kila mtu, kila mmoja abebe yake. Chupa moja ya lita tieni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, maana anayetoka jasho saa tatu akanywa maji matupu huishiwa nguvu, akadhani ni njaa. Chakula chepesi kinatosha: tende, mkate wa mofa, ndizi. Kanuni ya kurudi ni moja: ikiwa mmekwenda saa moja na nusu na mmoja wenu ameshamaliza nusu ya maji yake, rudini Shela, hata kama ni yule anayejifanya hodari.

Jua la asubuhi litawapiga ubavu wa kushoto na kisogo. Pakeni mafuta ya jua nyuma ya masikio na nyuma ya miguu, ndipo watu husahau. Vaeni mikono mirefu ya pamba. Ufuo umeinamia baharini, kwa hiyo mguu wa kushoto hukaa chini muda wote, na mwishoni nyonga huuma. Shukeni karibu na maji, pale panapokuwa sawasawa zaidi. Pekupeku kwenye mchanga mbichi hakuna neno, lakini bebeni ndara za kamba, kwani saa sita mchanga mkavu unachoma kweli.

Kuoga: msiingie pale kona ya Shela, mkondo kati ya Lamu na kisiwa cha Manda unapokutana na bahari kuu. Maji yakipwa yanavuta nje, na hakuna mlinzi wa waogeleaji. Anayevutwa asishindane nayo. Aogelee kando, sambamba na ufuo, mpaka mvuto uishe.

Ufuo ni mpweke. Msitengane, msibebe vya thamani, chukueni kijana wa Shela anayeijua njia, na muulize asubuhi ile ile kama kuna salama. Simu isiwe tegemeo. Na mabinti wabebe leso. Shela na Kipungani ni vijiji vya watu, hapapitwi na nguo za kuogea.

Niandikie tarehe mpya mkishaitazama kalenda ya mwezi, nimtafute nahodha mapema.

Mamako