Mhariri, tarehe ya habari iwekwe juu jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niongelee siku moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka mpaka machozi, Jumatatu ya tarehe 8 Septemba 2008, siku ambayo habari ya karibu miaka 6 nyuma ilifufuka ikaingia soko la hisa na kula pesa za watu mchana kweupe.

Ilikuwa hivi. Shirika la ndege la United la Marekani lilifilisika kweli, lakini ilikuwa Desemba 2002, na mapema 2006 likawa limeshatoka kwenye huo ufilisi, yaani stori imeisha kitambo. Sasa usiku wa kuamkia Jumapili, siku moja kabla ya hiyo Jumatatu, habari ya zamani ya ufilisi huo ikafunguliwa kwenye tovuti ya gazeti moja la Florida, na kwa vile saa hizo watu wamelala, kusomwa kidogo tu kukatosha kuipandisha kwenye orodha ya habari za biashara zinazosomwa sana. Programu ya Google ikapita ikaiokota, haikuona tarehe ya 2002 popote, basi ikaipa tarehe ya siku ile ile. Samaki wa juzi kawekwa mezani na wa leo!

Jumatatu asubuhi kampuni moja ya uchambuzi wa uwekezaji ikaikuta nayo ikairusha kwenye mitambo ya habari za fedha ya Bloomberg, ile ambayo madalali hawabanduki mbele yake. Weee! Hisa iliyokuwa dola 12 na ushee ikaporomoka mpaka dola 3 ndani ya dakika chache tu, soko la hisa la Nasdaq ikabidi wasimamishe biashara ya hisa hiyo, United nao wanahangaika kuwaambia watu jamani sisi tupo, hatujafilisika, hiyo ni ya zamani. Jioni ilifunga kwenye dola 10.92.

Na siwalaumu sana waliouza, maana Julai mafuta yalikuwa yamefika dola 147 kwa pipa, mashirika ya ndege yote yanalia, halafu jana yake tu serikali ya Marekani imezichukua Fannie Mae na Freddie Mac, zile kampuni kubwa za mikopo ya nyumba, sasa hali kama hiyo ukisikia shirika la ndege limefilisika utabisha nini? Ila kinachonichekesha na kuniuma kwa pamoja ni kwamba aliyefungua habari yenyewe na kusoma aya mbili tatu angeona mambo ni ya 2002 matupu. Watu walisoma kichwa cha habari wakauza. Na Nasdaq wakasema biashara iliyofanyika imefanyika, hakuna kurudishiana, kwa hiyo aliyeuza kwa 3 imekula kwake na aliyenunua kwa 3 alikula chakula cha mchana kwa raha zote.

Ndo maana naandika Mhariri. Hizo habari za zamani mlizonazo kwenye tovuti yenu, ambazo watu wanazifungua usiku na kutumiana kwenye simu, naomba kila moja iwe na tarehe na mwaka, tena juu kabisa chini ya kichwa, sio kule mwisho kwa vijiherufi vidogo. Na ile "jana" na "juzi" ndani ya habari pia muifikirie, mtu akiisoma baada ya miaka 6 jana yake ni nyingine.

Msomaji wenu wa kila siku