Karatasi moja ibaki Kivu

Bwana Mhariri,

Jambo, na poleni na kazi. Naandika kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Kazi yangu ni kukausha mimea. Tangu nikiwa na miaka 22 nimefuatana na watafiti wanaopanda mlima Kahuzi kuhesabu miti na majani ya parke ya Kahuzi-Biega. Kila tawi wanalokata, mimi ndiye ninayelilaza ndani ya gazeti, nikalifunga kwa mikanda kati ya mbao mbili, nikalikausha. Gazeti hunywa maji ya mmea. Karatasi ya kung'aa haifai, huozesha. Kwa hiyo gazeti lenu nalijua kwa namna yangu, hata matoleo ya zamani ambayo pengine ninyi wenyewe hamnayo tena.

Wiki mbili zilizopita mliandika ukurasa mzima juu ya parke. Mlisema habari za gorila, za walinzi, za wachoma makala, yaani makaa. Nilisoma yote na nilifurahi. Lakini mimea haikupata hata mstari mmoja, ila neno "msitu" tu, kana kwamba msitu ni kitu kimoja kama ukuta. Basi nipeni nafasi niseme la kwangu: kila mmea unaochumwa Kahuzi-Biega kwa ajili ya utafiti, karatasi yake moja, yaani tawi lililokaushwa na kubandikwa, ibaki hapa Kivu, na juu ya karatasi hiyo liandikwe jina ambalo wenyeji wanauita mmea huo.

UNESCO iliiingiza parke yetu katika urithi wa dunia mwaka 1980, na maandishi yake yanataja aina 1,178 za mimea zilizoorodheshwa katika sehemu ya milimani peke yake. Mtu akisikia hesabu hiyo anadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Tangu ilipopanuliwa mwaka 1975, parke ina kilometa za mraba 6,000, na sehemu ya juu, hii iliyo karibu nasi upande wa Kabare na Kalehe, ni kama 600 tu. Nyingine yote iko chini, kuelekea Shabunda na Walikale, ambako msitu unateremka hadi mita 600 juu ya usawa wa bahari. Timu chache tu zimethubutu kwenda huko na mbao zao za kukaushia, na sababu kila msomaji wa Kivu anaijua: hakuna usalama.

Niwaeleze kazi yenyewe inavyokwenda. Tunatoka Tshivanga, kituo cha parke, alfajiri, umande bado mzito. Watafiti wananyoosha kamba ya mita 50 katikati ya miti na kuweka vigingi pembeni. Mmoja anapima unene wa kila mti mahali palepale, mita 1.30 kutoka ardhini, mwingine anapigilia kibati chenye namba, wa tatu anaandika. Kijana mmoja hupanda juu kutafuta tawi lenye ua au tunda, kwa kuwa tawi lenye majani matupu mara nyingi halitoshi kuujua mti. Halafu vitu vyote vinaletwa kwangu. Mti wa Symphonia ukikatwa gome hutoa utomvu wa manjano unaonata vidoleni hadi jioni. Ua lake ni jekundu sana, lakini likikauka wekundu unapotea, na ndiyo maana rangi lazima iandikwe siku ileile, kabla ya kufunga. Jani la mti wa Neoboutonia ni pana kuliko sahani ya fufu, halienei katika gazeti. Hulikunja mara moja, mgongo wake uangalie juu upande huu na uso wake upande wa pili, ili atakayelisoma miaka ishirini baadaye aone pande zote mbili bila kulivunja.

Na mvua. Katika eneo la mianzi hakuna kitu kinachokauka chenyewe. Kila asubuhi nafungua mzigo wote, natoa magazeti yaliyolowa, naweka makavu, yale yaliyolowa nayaanika juu ya mbabula, jiko letu la makala. Msimu mmoja makala yalituishia kambini, na barabara ya kuteremka hadi kijiji cha Miti ilikuwa imeharibika. Kwa siku nne sikubadilisha karatasi. Nilipofungua mzigo siku ya tano nilikuta ukungu wa kijivu umekula karatasi kumi na mbili, na kati ya hizo lilikuwamo tawi la mwanzi lenye maua. Mwanzi wetu ukichanua hufa, na mtu anaweza kuzeeka bila kuona ua lake. Nililia, wala sioni haya kusema.

Sasa sikieni kwa nini nasema karatasi ibaki.

Anayepanda Tshivanga leo ataona miti imefunikwa na mmea unaotambaa, umepanda hadi kileleni na kukunja matawi kwa uzito. Wataalamu wanauita Sericostachys scandens. Ni wa ukoo mmoja na lengalenga tunayopika nyumbani. Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina, na mbegu zake zina nywele nyeupe laini kama hariri, upepo ukivuma zinapaa. Haukuletwa na mgeni, ni mmea wa hapahapa. Ila zamani haukuwa hivi. Watafiti wanahusisha kuenea kwake na mapengo yaliyoachwa na ukataji wa miti na mianzi, na kutoweka kwa tembo, waliokuwa mamia katika sehemu ya milimani kabla ya vita na wakauawa karibu wote kabla ya mwaka 2000. Mti uliofunikwa hukosa mwanga, na mche ulio chini yake haukui. Kama hatuna karatasi za zamani zinazoonyesha mmea gani ulichumwa wapi, mwaka gani, kwenye mwinuko gani, tutajuaje kilichokuwapo chini ya lile blanketi?

Mwaka jana kijana mmoja mwanafunzi alikuja nyumbani. Akaniambia: "Mama, nimeambiwa wewe ndiye uliyekausha mimea ya eneo hili, nataka kulinganisha na ile niliyochuma." Nilimkumbuka mtafiti wa kazi ile, nikakumbuka kila siku yake. Kwa kila namba ya mmea nilikausha matawi manne, na tuliahidiwa kwamba moja litarudi. Sitataja timu hiyo wala nchi yake. Halikurudi hata moja. Kijana alinionyesha picha kwenye simu, picha nzuri, inakuzwa hadi unaona vinywele vya jani. Lakini picha haichemshwi. Ua lililokauka ukilitia katika maji ya moto kidogo hulainika, unalifungua kwa sindano, unahesabu vilivyomo ndani. Hivyo ndivyo aina mbili zinazofanana hutenganishwa. Kijana yule alirudi kwao na shaka yake.

Sina ugomvi na kupeleka mimea nje. Karatasi nyingi za mimea ya Congo zipo katika bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji, na nimesikia kwa watu walioziona kwamba zinatunzwa vizuri. Nasema karatasi ya pili ikae Lwiro, kwenye kituo cha utafiti. Baba yangu alifagia kituo kile miaka mingi, na ndiye aliyenipeleka kwa mara ya kwanza kuona makabati ya mimea, nikiwa mtoto, akinikataza kugusa. Wataalamu wa hapa wapo. Kinachokosekana ni makabati yasiyoingiza wadudu, umeme wa kukaushia, na sharti lililoandikwa katika kila kibali cha utafiti.

Tena si jambo la wasomi peke yao. Mti wa Prunus africana una gome linalotengenezewa dawa ya tezi ya wanaume, na biashara yake inafuatwa na CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 1995. Ofisa anayesimamisha lori barabarani na kukuta magunia ya magome, atalinganisha na nini? Na kule juu, karibu na kilele cha Kahuzi, mita 3,308, kuna Senecio kahuzicus, mmea uliopewa jina la mlima wetu. Nimeukausha kwa mikono hii. Watoto wa shule za Bukavu wanauona mlima ule hali ya hewa ikiwa safi, na sijakutana na hata mmoja aliyewahi kuonyeshwa jani la mmea huo.

Nimalizie na majina. Kwenye lebo kuna nafasi ya jina la wenyeji, na mara nyingi huachwa wazi kwa haraka. Mubirizi kila mama wa Bukavu anaujua, kwa sababu amenywesha watoto wake uchungu wake wakiwa na homa. Mimea mingi ya ndani ya msitu inajulikana kwa jina na wazee wa Batwa peke yao, watu waliotolewa humo parke ilipoanzishwa. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulitangazwa kwamba walitendewa kinyume cha haki. Mengine kuhusu jambo hilo nawaachia wanaolijua. Mimi naomba tu mtafiti anapomchukua mzee wa Kitwa kumwonyesha njia, amlipe vilevile kwa majina anayomtajia, na ayaandike kama alivyoyasikia.

Nyumbani nina sanduku la bati lenye karatasi 37, nakala zilizobaki kutoka safari mbalimbali, nyingine zimeliwa kidogo pembeni. Natia mwarobaini uliokauka kuzuia wadudu. Mwezi ujao nitazipeleka Lwiro mwenyewe. Kama kuna msomaji aliyefanya kazi kama yangu na ana mimea imelala darini, naomba aniandikie kupitia gazeti hili, twende pamoja.

Na yale magazeti yenu yasiyouzwa, Bwana Mhariri, tafadhali msiyachome. Mniwekee, Jumamosi nitamtuma mjukuu wangu ayachukue.

Mama mkausha mimea,
Kadutu, Bukavu