Malalamiko Kuhusu Seti ya Vijiti vya Kuchokolea Kufuli

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.
18 Agosti 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: VIJITI VYA KUCHOKOLEA KUFULI NILIVYOLETEWA TAREHE 2 AGOSTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani hapa Tandika, kazi niliyoifanya kwa miaka 22. Namba ya oda yangu mnayo, na kijana wenu wa bodaboda aliyeniletea mzigo Jumamosi ile ananifahamu kwa sura. Nimewapigia simu mara tatu na kuwatumia ujumbe mara nne. Jibu mlilonipa ndilo lililonifanya nikae chini niandike barua, na nitalifikia.

Nianze na sababu ya kununua, kwa sababu naona hamjui mnamuuzia nani. Mwezi wa Mei nilipoteza ufunguo wa droo ya chuma ninayowekea spea. Nikamwita mchonga funguo anayekaa karibu na kituo cha daladala. Akatoa vijiti viwili mfukoni, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo, na kabla sijamaliza kumweleza kilichomo ndani, droo ikafunguka bila hata mkwaruzo. Maisha yangu yote nimeshughulika na vitu vidogo: bobini, sindano, springi ya kukazia uzi. Nilijua palepale kwamba hiki ni kitu nitakipenda. Nikamwomba anieleze, akanieleza kwa ukarimu, kisha nikaendelea kusoma mwenyewe usiku baada ya kufunga kazi.

Kufuli la kawaida ndani lina silinda inayozunguka, na juu yake pini tano au sita zilizokatwa vipande viwili, kila moja ikisukumwa chini na springi yake. Ufunguo sahihi ukiingia, unainua kila pini mpaka pale ilipokatwa panalingana na ukingo wa silinda, nayo inazunguka. Wazo hili ni la zamani mno. Misri ya kale walikuwa na kufuli za mbao zenye pini. Linus Yale wa Marekani alilichonga upya kwa chuma mwaka 1848, na mwanawe akaliboresha kwenye miaka ya 1860 kwa ufunguo ule bapa tunaoutumia hadi leo. Na kwa kuwa hakuna kiwanda kinachoweza kutoboa matundu ya pini yakanyooka sawasawa bila kasoro, ukiikaza silinda kidogo tu ni pini moja inayobana kabla ya nyingine. Unaitafuta, unaiinua, inatoa mlio mdogo unaousikia zaidi kwa kidole kuliko kwa sikio, na silinda inasogea kwa kiasi cha unywele. Kisha unaitafuta inayofuata. Nimewaeleza haya kwa urefu ili muelewe kwa nini chuma mlichoniletea hakifai.

Tangazo lenu, ambalo nimelichapa na kuliambatisha, linasema: vipande 24, chuma kisichoshika kutu kilichokomazwa, unene milimita 0.6, tensheni (vipande vilivyopindwa vya kukazia silinda) za kukazia juu na chini ya tundu la ufunguo, kufuli la plastiki angavu la mazoezi na kufuli moja la shaba. Nililipa shilingi 85,000 kwa simu, na 5,000 za bodaboda.

Kwenye pochi nilihesabu vipande 17. Hilo peke yake ningelimeza. Kufuli la shaba halikuwemo, na hilo nalo ningelivumilia maana Kariakoo yamejaa. Kilichonishinda ni chuma chenyewe. Nina venia, kile kipimo cha unene ninachopimia shafti za cherehani. Ndoano ya kwanza, yaani kijiti chenye ncha iliyopinda, ilipima milimita 0.9, ya pili 0.85, reki mbili, vile vijiti vyenye mawimbi, 0.9. Labda kwenye meza yenu tofauti hiyo haionekani. Kwenye tundu la ufunguo, ambamo kijiti kinagawana nafasi na tensheni, ndiyo tofauti kati ya kuingia na kutoingia. Kijiti kinene kinasugua kuta pande zote mbili, na kila kinaposugua kinakudanganya: unadhani umeinua pini, kumbe umesukuma ukuta. Kingo zake zilikuwa na miba ya mashine ya kukatia ambayo hakuna aliyejisumbua kuipiga msasa. Nilipitisha kidole gumba kwenye ndoano ya kwanza, nikatoka damu.

Na tensheni. Kazi ya tensheni si nguvu, ni kupeleka habari kwenye kidole: hapa pini imekaa, hapa umekaza kupita kiasi, legeza. Zenu ziliponing'inizwa na uzito wa kidole kimoja zilijikunja kama vijiko vya bati. Chuma kilichokomazwa hurudi mahali pake ukikiachia. Nimeshika chuma tangu ujana wangu, na hiki hakijakomazwa.

Sasa nije kwenye jambo zito kuliko fedha. Ndani ya pochi mliweka karatasi ya Kiswahili yenye nembo yenu, yenye hatua nne. Hatua ya pili inasema, nanukuu: "Ukishafungua kufuli la plastiki, jaribu kwenye kitasa cha mlango wako." Lile la plastiki lilifunguka mara ya kwanza nilipotikisa reki ndani yake, kwa sababu pini zake zimelegea na zinaonekana zote kwa macho, halikunifunza kitu ila lilinipa moyo. Nikafuata karatasi. Nilikuwa mwanafunzi, na karatasi ile ndiyo iliyojiita mwalimu.

Ilikuwa Jumatano tarehe 6, saa mbili na nusu usiku. Nilifunga mlango, nikapiga goti barazani na tochi ya simu. Ndoano ilipinda, nikainyoosha. Ikapinda tena, nikainyoosha. Mara ya tatu ncha ikakatikia ndani ya silinda. Ufunguo wangu halali haukuingia tena zaidi ya nusu. Dirisha zetu zote zina nondo, na mlango ni huo mmoja. Mke wangu na mama yangu mzazi, mwenye miaka 74, walirudi kutoka kwa ndugu wakanikuta hapo. Dawa za sukari za mama zilikuwa mezani ndani, na chakula chake pia. Alikaa kwenye stuli ya jirani mpaka saa tano kasoro, akijifunika khanga, asiseme neno. Fundi alikuja na drili akaitoboa silinda nikiwa nammulikia. Silinda mpya shilingi 35,000, ufundi 15,000 kwa kuwa ni usiku. Risiti za vyote nimeambatisha.

Kabla fundi hajafika walipita vijana wa ulinzi shirikishi. Walimkuta mtu mlangoni, gizani, amezungukwa na vijiti. Wakaniuliza kwa adabu, nami sina la kuwalaumu, wanafanya kazi yao. Wakaniomba risiti ya vifaa vile. Sikuwa nayo, kwa sababu hamkunipa. Nilichokuwa nacho ni ujumbe wa muamala unaotaja namba ya kulipia tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Mjumbe wetu ananijua, aliitwa, akanisemea, yakaisha. Nimefikiria mara nyingi tangu siku hiyo habari za kijana wa miaka 20, mpangaji mgeni, ambaye hakuna mjumbe wa kumsemea. Kila siku Mamlaka ya Mapato inatukumbusha: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Niliidai kwa ujumbe tarehe 2, tarehe 3 na tarehe 7. Kwa bidhaa ya aina hii, ile karatasi yenye jina la bidhaa na jina la muuzaji ndiyo inayomtofautisha mpenzi wa kufuli na mwizi.

Nimekuja kujua baadaye kwamba watu wa fani hii duniani wana miiko miwili ambayo mwanafunzi wa siku ya kwanza hufundishwa kabla hajashika kijiti: usichokoe kufuli lisilo lako, na usichokoe kufuli linalotumika. Chama cha Wajerumani wanaofanya mchezo huu kipo tangu 1997, wana mashindano kabisa, na miiko ni hiyohiyo. Mwiko wa pili umewekwa kwa sababu ya yaliyonipata mimi: kijiti hukatika, springi huruka, na mlango ukabaki umekufa. Karatasi yenu inamwamuru mwanafunzi auvunje mwiko huo katika hatua ya pili. Wa kwanza haikuutaja kabisa. Hili ndilo ninaloomba mlione, hata kama mtanikatalia shilingi zote.

Sasa jibu lenu. Tarehe 9 mhudumu wenu aliniandikia kwamba vifaa havina kasoro, "wateja wengi hukosa subira, kufuli halifunguki siku moja." Ndugu Meneja, subira ninayo. Mwaka 1851, wakati wa maonesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli la Bramah, mtengenezaji wa kufuli wa huko, lililokuwa limewekwa kwenye dirisha la duka kwa zaidi ya miaka 60 na zawadi ya gini 200, sarafu ya zamani ya Uingereza, kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa 51 za kazi, zilizogawanyika katika siku 16. Hiyo ni subira, naikubali na naiheshimu. Lakini Hobbs alifika na vifaa alivyovitengeneza kwa ajili ya kufuli lile. Angepewa pochi yenu angekaa pale miaka 60 mingine.

Wala sikuishia kulalamika. Jumapili tarehe 10 nilinunua bledi moja ya msumeno wa kukatia chuma kwa shilingi 2,000. Niliipima: milimita 0.64. Niliibana kwenye jiliwa, nikakata kipande cha urefu wa kidole na nusu, nikakichonga kwenye grainda taratibu, sekunde mbili kwenye jiwe kisha ndani ya ndoo ya maji, sekunde mbili kisha majini, kwa kuwa chuma kikishageuka rangi ya bluu ukomavu wake umekwenda. Ncha niliipiga kwa jiwe dogo la kunolea mpaka ikawa mviringo, kisha msasa laini uliolowa, ule wa 600, mpaka ilipoteleza kwenye pindo la khanga bila kushika uzi. Tensheni nilitengeneza kwa ule utepe wa chuma unaokaa ndani ya mpira wa waipa za gari. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani alinipa bure kutoka kwenye waipa mbovu. Nikaupinda upande mmoja kwa plaizi, basi.

Kufuli la shaba nililonunua Kariakoo, la pini nne, nilililaza mezani na kulifanyia kazi usiku tatu. Usiku wa nne, pini ya tatu ndiyo iliyokuwa inabana kwanza. Nilipoacha kuilazimisha na kulegeza kidole, nikasikia tik, kisha nyingine, na silinda ikageuka taratibu kama mtu anayegeuka usingizini. Nilimwita mke wangu aone. Vidole ni vilevile na subira ni ileile. Kilichobadilika ni chuma.

Naomba yafuatayo. Mnirudishie shilingi 90,000, bei na usafiri, na shilingi 50,000 za silinda na fundi, jumla 140,000. Pochi mtaikuta kwangu, imekamilika isipokuwa ndoano moja, ambayo ncha yake nimeihifadhi kwenye bahasha. Mniletee risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya tarehe 2, hata kama mnarudisha fedha. Muondoe ile hatua ya pili kwenye karatasi na muweke ile miiko miwili juu kabisa, kwa herufi kubwa; karatasi ni yenu, mmeichapa wenyewe, haihitaji kusubiri meli. Na tangazo lirekebishwe liseme unene wa kweli na idadi ya kweli.

Ombi la ziada, na hili ni la mtu anayeipenda fani, si la mdai: acheni kuwauzia wanaoanza vipande 24. Anayeanza anahitaji ndoano mbili, fupi na ndefu kidogo, reki moja, na tensheni nne au tano za upana tofauti, kwa kuwa tensheni ndiyo inayofanya nusu ya kazi. Vipande saba au vinane vya chuma kizuri chenye milimita 0.6, na kufuli moja la shaba la bei nafuu. Pochi ya namna hiyo ningeinunua kwenu kesho, kwa bei ileile, na ningemwelekeza kwenu kila anayeniuliza. Wapo wanne tayari hapa mtaani, mmoja ni binti wa kidato cha tatu mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Nisipopata jibu nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na tangazo lenu, vipimo vya venia nilivyovipiga picha kipande kwa kipande, na karatasi ya hatua nne. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo iko wazi kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ifanane na maelezo hayo.

Napatikana kibandani kwangu kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi. Mkipenda, mtumeni fundi wenu yeyote aje na seti mpya kutoka ghalani. Tutaipima pamoja kwa venia yangu au kwa ya kwake.

Wenu mteja,

Fundi wa cherehani, Tandika

Viambatisho: nakala ya tangazo, nakala ya ujumbe wa malipo, karatasi ya maelekezo, picha 17 za vipimo, risiti ya silinda na ya fundi, ncha ya ndoano iliyokatika (italetwa ikihitajika).