Spishi za kale: tuambieni pia nani aliyeziandika

Ndugu Mhariri,

Habari za mifupa ya kale ya jangwani zikitufikia, husifiwa wachimbaji tu. Naomba nafasi niwatetee wanaoanza kazi pale majembe yanapowekwa chini.

Mfupa ukishatoka mchangani, mwanapaleontolojia, yaani mtaalamu wa mabaki ya viumbe vya kale, huweza kukaa nao miaka. Anausafisha, anaupima, anaulinganisha na ya wanyama wengine, anachora kila tundu na kila mwinuko, ndipo aeleze ni kwa alama zipi mnyama huyu hafanani na mwingine. Andiko likichapishwa, spishi imepata jina. Mfupa hupewa namba na kutunzwa, ili anayebisha aende akaupime mwenyewe.

Mjerumani Ernst Stromer aliifanya kazi hiyo kwa mifupa ya Bahariya, jangwa la magharibi mwa Misri. Mwaka 1915 alimtangaza dinosaria Spinosaurus aegyptiacus, mwenye miiba mgongoni inayokaribia kimo cha mtu mzima. Aprili 1944 mabomu yaliiangukia makumbusho ya Munich, mifupa ile ikateketea. Yalisalia maandishi na michoro yake, na ndiyo waliyoitegemea waliokuja kuchunguza mifupa ya aina hiyo kutoka Morocco. Jambo hilo hunigusa kuliko ukubwa wa mnyama.

Leo Wamisri wanaandika wenyewe. Hesham Sallam wa Chuo Kikuu cha Mansoura na wanafunzi wake, mabinti wakiwemo, walichimba kwenye oasisi ya Dakhla, na mwaka 2018 wakamtangaza dinosaria Mansourasaurus, aliyeishi miaka milioni 80 hivi iliyopita. Taya, pingili za shingo na mifupa ya bega ilitosha kuonyesha kuwa ana undugu wa karibu zaidi na dinosaria wa Ulaya na Asia kuliko wa kusini mwa Afrika.

Na sisi Watanzania? Rukwatitan, dinosaria wa bonde la Rukwa, jirani zetu kabisa, alipewa jina mwaka 2014 na watafiti walioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani. Hata kuhe, samaki tunayemla hapa Kigoma, aliandikwa kisayansi na mwanasayansi Boulenger, London, mwishoni mwa karne ya 19. Siwalaumu, walifanya kazi nzuri. Lakini wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, wanaomtambua kuhe kwa magamba tu, wana jicho hilo hilo. Vyuo vyetu viwafundishe kazi hii, na mifupa itunzwe nchini wanakoweza kuifikia.

Nawe Mhariri, spishi mpya ikitangazwa, tuandikie nani aliyeieleza na mfupa wake uko wapi.

Mwalimu wa Biolojia,
Ujiji, Kigoma