Jamani tuchangie ramani za Jiografia, fotokopi zimetushinda

Wazazi wetu, walimu mliostaafu na nyinyi nyote mliopita madarasa haya, habari za siku. Najua mkiona jina langu mnasema haya, huyu anataka hela, na kweli ujumbe huu nimeuahirisha wiki mbili nzima kwa aibu, maana juzijuzi tu mlitununulia lile sanduku jeupe la vipimajoto na hatujasahau. Lipo, limesimama palepale kwenye majani, watoto wanasoma joto kila asubuhi, na ukimuuliza yeyote kwa nini ni jeupe na lina mapengo ubavuni atakwambia weupe unarudisha jua na mapengo yanapitisha hewa, ndio upime joto la hewa yenyewe. Mlifanya kazi ile.

Sasa ni ramani. Ya topografia, skeli 1:50,000 (yaani sentimita moja ni nusu kilomita ardhini), tunayo moja tu kwa darasa zima, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka, na msimu uliopita paa likaivujia (paa lina harambee yake, leo silitaji). Basi tunatoa fotokopi, nyeusi na nyeupe, tena tunaipunguza ili ienee karatasi moja. Kwenye ramani yenyewe kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, ni za kahawia, mito bluu, misitu kijani. Kwenye kopi yote ni mistari myeusi. Wiki iliyopita binti mmoja, na ni katika wale wanaoongoza, alisimama akatueleza habari za mto unaozunguka kilima chote mpaka unarudi ulikoanzia. Wenzake walicheka hadi wakagonga meza. Mimi sikuweza, kidole chake kilikuwa juu ya kontua na kwa karatasi ile hata mimi ningesita.

Na skeli je? Ukipunguza ramani urefu wake ukawa nusu, ile 1:50,000 iliyoandikwa pale inakuwa uongo, imeshakuwa 1:100,000. Mtoto anapima barabara anapata sentimita 6, anaandika kilomita 3 kama alivyofundishwa, kumbe ni 6. Kingemuokoa kipimio cha mstari, kile kimstari chenye alama za kilomita, kwa sababu kinapungua pamoja na ramani, ila kipimio hicho kinachorwa chini pembezoni na huko ndiko mashine inakokata. Halafu mtihani unakuja na ramani ya rangi, mtoto anaiona kama kitu kigeni!

Ya ukutani sisemi sana. Sudan bado ni moja humo wakati Sudan Kusini ilijitenga 2011, tumechora mpaka wenyewe kwa kalamu ya wino, umepinda kidogo.

Tunaomba hivi: ramani za rangi, moja kwa kila watoto wawili, dira chache, kipima mvua (sasa hivi tuna chupa iliyokatwa, inasaidia lakini upepo ukija inaanguka na mvua ya siku nzima inamwagika), na usafiri wa siku moja ya fildi, watoto wakapime kasi ya mto kwa kijiti na saa badala ya kuikariri. Mahesabu yako kwa mweka hazina, yuleyule, risiti zote zitabandikwa ubaoni na kupigwa picha kwenye grupu, kila senti, kama mara ile.

Nina neno kwa mliosoma hapa. Wengine leo mnapima viwanja, wengine mnaendesha magari makubwa safari za mbali, wengine mnatuma lokesheni kwenye simu kila siku na hamkumbuki ni latitudo na longitudo zilezile mlizokuwa mnazilalamikia. Mlifundishwa kwa ramani yenye rangi nyie. Kuna aliyenunua ile na hakuwajua hata majina. Nawaona mnasoma grupu na mnanyamaza, Mungu awafungue mioyo na mikono, kidogo chako si kidogo kwetu.

Tunafunga kuchangisha mwisho wa mwezi ili oda itoke kabla muhula haujaanza. Asiye na hela apekue makabati ya nyumbani, kama kuna ramani ya zamani ailete, hata iwe na madoa au imeliwa kona na panya, mradi kahawia inaonekana.