Barua ya malalamiko: Mmeniuzia nyongeza za gemu nisiyoimiliki

Kisauni, Mombasa
Novemba 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

KUH: NYONGEZA NILIZOLIPIA KWA GEMU MLIYOIONDOA KWENYE KIFURUSHI CHA MWEZI

Akaunti inayohusika na barua hii ni yangu mimi mzazi. Nalisema hilo mapema kwa sababu mhudumu wenu wa kwanza kunijibu kwenye chati aliniomba nimwite mwenye akaunti, akidhani anazungumza na mtoto aliyeshika kadi ya mamake. Mwenye akaunti ni mimi, mwenye kadi ni mimi, na jioni nyingi mwenye kushika usukani ni mimi vilevile.

Malalamiko yangu ni haya. Kwenye kifurushi chenu cha kulipia kila mwezi kulikuwa na gemu ya mbio za rali. Mimi na kijana wangu, ambaye yuko Kidato cha Pili, tuliipenda sana tukaacha karibu zote nyingine. Hatukukaa sana duka lenu likaanza kutuletea nyongeza kila tulipowasha mashine ya gemu: pakiti ya magari ya zamani kwa dola 14.99, kisha msimu mzima wa njia mpya kwa dola 29.99. Nyongeza hizo hazikuwa ndani ya kifurushi. Zilikuwa zikiuzwa kando, kwa bei yake, na kitufe cha chini kimeandikwa "Nunua". Nikanunua zote mbili. Jumla ilikuwa dola 44.98, na benki yangu ilipomaliza kubadilisha fedha na kuchukua ada yake, zilinitoka karibu shilingi 6,000.

Wiki chache baadaye gemu yenyewe ikaondolewa kwenye kifurushi. Usajili wangu haukuwa umekwisha. Nilikuwa nimelipa mwezi huo kama kawaida, na hadi leo ninalipa. Ukibonyeza picha ya gemu sasa, inakuja na kufuli dogo pembeni, mashine inazunguka kidogo, halafu inakupeleka dukani, ambako gemu inauzwa dola 49.99. Na hapo chini ya bei, kwenye ukurasa uleule, zimeorodheshwa zile nyongeza zangu mbili, kila moja na alama ya vema na neno "Imenunuliwa". Tafadhali mtume mtu aufungue ukurasa huo autazame. Magari ninayo. Njia ninazo. Rekodi zetu zote za mashindano zimo kwenye mashine. Kinachokosekana ni gemu ya kuyaendesha hayo magari.

Majibu niliyopewa na wahudumu wenu, tena kwa adabu, yalikuwa kwamba nyongeza bado ni zangu kwa hiyo sikupoteza kitu, kwamba orodha ya kifurushi hubadilika na jambo hilo limo kwenye masharti niliyoyakubali, na kwamba nikitaka kuendelea ninaweza kununua gemu wakati wowote. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kuendelea na chati. Maana yake ni kwamba ili niguse dola 44.98 nilizokwisha kuwapa, niwape dola 49.99 zaidi.

Mimi kazi yangu ni hesabu, katika ofisi ya kupitisha mizigo bandarini, kwa hiyo karatasi nazitazama kwa makini kuliko pengine mlivyozoea. Nimeziambatisha risiti zenu mbili. Ile ya kifurushi imeandikwa kipindi: kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Ile ya nyongeza haina kipindi chochote. Ina jina la kitu, bei na siku ya malipo, basi. Mpe mhasibu yeyote karatasi hizo mbili bila kumweleza habari za gemu, atakwambia ya kwanza ni ya kukodi na ya pili ni ya kununua. Ninyi wenyewe mmezitofautisha. Sasa mnataka hiyo ya pili niisome kama ya kwanza.

Hapa Mombasa, Majengo na hata huku Kisauni, kuna mtindo wa tangu zamani unaoitwa nyumba bila ardhi. Kiwanja ni cha mtu mwingine. Wewe unajenga nyumba yako juu yake na kumlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba ni mali yako, unaweza kuipangisha, kuiuza, hata kuwaachia watoto, lakini udongo si wako. Watu wameishi hivyo vizazi kwa vizazi, na wengine wamebomolewa hivyohivyo. Ila hakuna anayejenga hapo bila kujua. Fundi anajua, majirani wanajua, na mnunuzi akija huambiwa kabla hajahesabu pesa kwamba hii ni nyumba tu, ardhi haimo. Na ikifika siku ya kuondoka, mtu hung'oa mabati yake, milango yake na boriti zake akaenda nazo. Ninyi mmeniuzia nyumba bila ardhi, hamkuniambia ardhi haimo, na mabati mmebaki nayo.

Nieleweke vizuri kwamba sina ugomvi na kifurushi chenyewe. Kwa nyumba kama yetu kina faida. Kijana hujaribu gemu siku mbili akaichoka, na kama kila moja ningeilipia bei kamili ningekuwa nimefilisika. Zipo gemu tulizomaliza kwa mwezi mmoja na hatutazirudia tena. Hizo kukodi ni busara. Hesabu hubadilika kwa ile gemu moja au mbili ambazo mtu anakaa nazo miaka. Hapo malipo ya kila mwezi hupita bei ya kununua bila mwenyewe kutambua, na bei ya kifurushi nayo haikai ilipokuwa. Oktoba mwaka huu Microsoft walipandisha kifurushi chao cha juu cha Game Pass nchini Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Ongezeko la nusu ya bei, kwa siku moja. Sitegemei ninyi mtabaki nyuma.

Zamani jambo hili lilikuwa rahisi. Unashuka barabara ya Digo, unanunua diski. Ukiichoka unamrudishia muuzaji, unaongeza hela kidogo, unachukua nyingine. Diski haikuuliza kama intaneti ipo. Kijana wangu anaona hayo ni mambo ya kale, lakini yeye ndiye hulalamika kwa sauti ya juu zaidi fibre ikikatika na gemu zikagoma kufunguka mpaka mashine ipate kuuliza kwenu kama tumelipa.

Nimejaribu kujua kama shida yangu ni ya peke yangu. Si ya peke yangu, na pia si ngumu kutatua, kwa sababu kuna waliokwisha kuitatua. Forza Horizon 4, ambayo nayo ni ya magari, iliondolewa madukani tarehe 15 Desemba 2024 kwa kuwa vibali vya kutumia magari na vitu vingine vilivyomo vilikuwa vinaisha. Hilo naweza kulielewa. Jina la gari ni mali ya mwenye gari, na mikataba ina mwisho. Lakini tazameni wenye gemu hiyo walivyofanya. Tangazo lilitolewa Juni, karibu miezi sita kabla. Siku hiyohiyo ya tangazo waliacha kuuza nyongeza, ili asiwepo mtu wa kununua kitu kinachokaribia kufungiwa. Na wale waliokuwa wakiicheza kupitia Game Pass kwa usajili hai, na walikuwa wamenunua nyongeza, walitumiwa msimbo wa kuipata gemu yenyewe iwe yao. Hiyo ndiyo haki ninayoidai kwenu, wala sijabuni kitu kipya.

Kwenu ilikuwa kinyume. Taarifa kwamba gemu inaondoka iliwekwa kwenye ukurasa wa kifurushi, kwenye safu ya "zinazoondoka karibuni" ambayo lazima uishuke chini kuifikia. Kwenye ukurasa wa nyongeza, pale nilipoingiza nambari ya kadi, hapakuwa na neno hata moja. Na nyongeza iliendelea kuuzwa. Mkataba wenu na mwenye gemu una tarehe. Tarehe hiyo ninyi mnaijua, mimi siijui. Kumuuzia mtu nyongeza huku unajua mlango utafungwa baada ya wiki chache, na kunyamaza, hapa kwetu hakuitwi masharti.

Mambo haya yanazungumzwa kwingine pia. Kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024, gemu ya magari iliyokuwa imeuzwa tangu 2014, na hata aliyekuwa na diski mkononi hakuweza kuicheza tena. Kilichofuata ni kesi mahakamani huko California, na Ulaya kampeni ya wachezaji ikapita saini milioni moja Julai mwaka huu kuidai Tume ya Ulaya ichukue hatua. Jimbo hilohilo la California lina sheria inayotumika tangu Januari 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" kama anachokupa ni ruhusa inayoweza kuondolewa, isipokuwa amekueleza hivyo waziwazi. Duka la Steam lilianza kuweka maelezo ya namna hiyo kwenye ukurasa wa malipo tangu Oktoba 2024. Sheria hiyo inaziacha kando huduma za kulipia kwa kipindi, nami naona ni sawa, kwa kuwa anayelipa kwa mwezi anajua analipia mwezi. Ila nyongeza zangu sikuzilipia kwa mwezi. Someni tena risiti.

Na mimi siishi California. Naishi Kenya, ambako Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na alichonunua, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Tunayo pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Mhudumu wenu aliniambia kwamba masharti yenu yanafuata sheria za nchi ya makao makuu yenu. Inawezekana. Lakini mlipochukua pesa kwenye benki ya Mombasa hamkuniuliza sheria za wapi.

Kwa hiyo naomba mnipe gemu hiyo iwe yangu kwenye akaunti, ili nyongeza nilizonunua zitumike kama mlivyoniuzia. Au mnirudishie dola 44.98 zote kwenye kadi ileile, si salio la kutumia dukani kwenu. Salio sitalipokea, kwa sababu litaishia kununulia nyongeza nyingine ya gemu nyingine isiyo yangu.

Zaidi ya hapo, kwa ajili ya wateja wengine, badilisheni ukurasa wa nyongeza. Ikiwa mteja anaipata gemu kupitia kifurushi, aambiwe pale pale juu ya kitufe cha kulipa kwamba gemu haimo katika anachonunua, na kama tarehe ya kuondoka inajulikana iandikwe. Ni mstari mmoja. Mkishatangaza kwamba gemu inaondoka, acheni kuuza nyongeza zake kwa wanaoipata kwa kifurushi. Na taarifa ya kuondoka itumwe kwa barua pepe kwa kila aliyenunua nyongeza. Barua pepe zangu mnazijua vizuri, maana za matangazo ya punguzo la bei hazikosi.

Nimewaelekeza nyumbani kwangu kwamba kuanzia sasa hakuna kununua nyongeza ya gemu yoyote iliyo kwenye kifurushi. Kijana ameukubali uamuzi huo kwa shingo upande. Tukiipenda gemu kweli, tutainunua yenyewe kwanza, na ikiwezekana tutanunua diski, au kwenye duka la mtandaoni kama GOG ambako unapakua faili ya kusakinisha ukaihifadhi kwenye kompyuta yako bila kufuli. Maana yake ni kwamba mtapata pesa kidogo kutoka kwangu kuliko mlivyokuwa mkipata. Usajili wa mwezi nitauacha uendelee mpaka nipate jibu lenu.

Nasubiri jibu la maandishi kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua, si jibu la chati, kabla ya mwisho wa Desemba. Nisipolipata, nitapeleka barua hii pamoja na risiti na picha za ukurasa huo kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na nitaiomba benki yangu ipinge malipo hayo mawili. Fomu ya benki nimeshaijaza, sijaitia sahihi tu.

Nambari ya akaunti, nakala za risiti na picha za skrini zimeambatishwa.

Wenu,
Mteja, Kisauni